Mtu Aliyetuletea Fundo la Mzazi

Kabla yake, baba akigombana na mwanawe katika kata yetu, tulikuwa na maelezo mawili tu. Ama kijana ana kiburi, ama mzee ana roho mbaya. Tulichagua moja, tukaliandika, tukafunga faili. Yeye ndiye aliyetuletea maelezo ya tatu, akayaita fundo la mzazi. Leo ukipita kijiwe cha bodaboda utayasikia maneno hayo yakitumika hata kwa mtu aliyegombana na mwenye pikipiki, lakini kwa hilo yeye hana hatia.

Sote tunamwita Mkufunzi. Alifundisha saikolojia katika chuo cha ualimu mpaka akastaafu, akarudi kwenye kahawa yake huku milimani, na watu wakamchagua kuwa mjumbe wa baraza la kata. Mimi ni katibu wa baraza hilo. Nimekaa kiti cha kushoto kwake miaka kumi na moja nikiandika aliyoyasema, kwa hiyo mengi ya haya nayatoa kwenye madaftari yangu. Machache ambayo hayamo kwenye madaftari nitayataja nikifika kwenye sehemu yake.

Mara ya kwanza kumsikia akilitumia neno lake, mzee mmoja wa kitongoji cha juu alikuwa amemshitaki mwanawe kwa kukata mibuni arobaini ili apande parachichi. Mzee alikuja na kisiki kimoja kama ushahidi, akakibwaga mezani juu ya karatasi zangu. Mkufunzi alikitazama kwa muda, akauliza mti huo ulipandwa lini. Mzee akasema ulipandwa mwaka aliozaliwa huyu mpumbavu. Mkufunzi akamgeukia kijana, akamuuliza kama alijua hilo. Alijua. Akamuuliza alianzia kukata wapi. Kijana akasita, kisha akakiri kwamba alianzia mstari ulio mbele ya dirisha la baba yake.

"Sasa mzee mwenzangu," Mkufunzi akasema, "na mibuni ya marehemu baba yako iko wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, kwa sababu hakuna aliyesahau kwamba mzee huyo, katika ujana wake, aling'oa kahawa ya baba yake akapanda mahindi, na baba yake akakaa misimu miwili bila kumsemesha. Mzee mwenyewe alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakohoa. Shauri liliisha hapo. Alikisahau kisiki chake, tukakitumia kuzuia mlango usijifunge.

Baada ya kikao nilimfuata Mkufunzi nikamwomba anieleze vizuri. Mimi niliishia darasa la saba, na yote niliyoyaongeza juu ya hapo nimeyapata kwa kuuliza na kuandika. Hakunidharau wala kunihurumia. Alitoa kipande cha chaki mfukoni mwa koti (alitembea na chaki mpaka miaka mingi baada ya kustaafu) akanichorea pembetatu kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, juu ya tangazo la chanjo ya kuku. Pembe moja baba, moja mama, moja mtoto.

Ufafanuzi niliouandika siku ile ni huu: mtoto mdogo humtaka mzazi mmoja awe wake peke yake, na humwona mzazi wa pili kama mpinzani; hali hiyo hupita yenyewe mtoto akikua, wazazi wasipoikaza; isipopita, mtu huendelea kupigana na mzazi wake mpaka utu uzima, mara nyingi kupitia watu wengine, naye hajui. Mkufunzi aliusoma, akaniambia maneno "naye hajui" niyatoe mwishoni niyaweke mwanzoni, kwa sababu ndiyo yenye uzito. Kinyongo, alisema, mwenyewe anakijua. Anaweza kukuonyesha siku kilipoanza. Mwenye fundo halijui, na ukimwambia analo atakukatalia kwa nguvu zote.

Wazungu waliolianzisha walilipa jina la mfalme mmoja wa hadithi ya kale ya Wayunani. Mkufunzi hakulitumia jina hilo hata mara moja mbele ya baraza. Alisema chuoni wanafunzi wake walilikariri kwa ajili ya mtihani, wakasahau maana yake, na mfalme wa Wayunani hajawahi kulima Mbinga. Badala yake alitumia ngoro. Kila mtu huku anajua ngoro zinavyotengenezwa: wanaume wanafyeka nyasi, wanazilaza kwenye mteremko kwa mistari inayokatana, kisha wanawake wanachimba katikati na kuzifukia kwa udongo, shamba zima linabaki mashimo yaliyozungukwa na kingo. "Ukipita unaona udongo na maharage," aliwaambia watu. "Nyasi huzioni. Lakini zimo, zinaoza, na ndizo zinazolisha maharage. Mambo ya utotoni ndiyo nyasi hizo." Sijapata kumsikia mtu akieleza jambo gumu kwa maneno machache kuliko hayo, na akina mama waliokuwa wamefukia nyasi maisha yao yote walitikisa vichwa kukubali.

Nilikuwa na mashaka yangu, nikamletea kwa maandishi. La kwanza, huku kwetu watoto wengi walilelewa na bibi zao na kulala kwa bibi zao. Sasa hiyo pembetatu ina pembe ngapi? La pili, zamani aliyemwadhibu mtoto hakuwa baba peke yake, alikuwa babu na baba wadogo wote. La tatu, kama mwenye fundo halijui na akiambiwa anakataa, tutajuaje kwamba kweli lipo? Alinijibu mawili ya kwanza kwa kusema huenda nimesema kweli, na kwamba kitabu chake hakikumfikiria mtu wa kutoka huku. Alikuwa na kitabu kimoja tu juu ya somo hilo, kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hata jina la mwandishi hakulijua. La tatu hakulijibu. Alisema, "Hilo ndilo linalonikosesha raha, Katibu," akakoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga.

Hiyo kahawa nayo. Sisi tunaolima kahawa tunakunywa chai. Yeye alikunywa kahawa, nyeusi, chungu, akasema mtu anayelima kitu asichokionja ni kibarua. Alivaa koti la sufu hata mwezi wa kumi na moja. Kwenye sala za jumuiya aliimba sauti ya tatu peke yake, kwa usahihi kabisa, watu wote wengine wakiimba ya kwanza. Alikuwa sahihi mara nyingi mno, na nadhani hilo lilimchosha mkewe.

Neno likaenea. Mwezi mmoja tu baada ya shauri la kisiki, mama mmoja alitembea kutoka upande wa Mpepai na mtoto wa miaka sita, akataka Mkufunzi amtibu mtoto fundo. Baba yake akirudi kutoka Songea, alieleza, huyu analia, hataki nipike chakula cha baba yake. Alikuwa amekwisha kununua dawa ya minyoo kwa kubahatisha. Mkufunzi hakucheka. Alimwambia mtoto hana ugonjwa wowote, watoto wote hupita hapo kama wanavyopita kwenye meno, na kazi ya baba ni kuvumilia bila kulipiza. Mama akauliza, "Sasa nimwambieje baba yake?" Mkufunzi akamwambia asimwambie kitu, ampe mumewe chakula kizuri na mtoto uji. Mama alipoondoka Mkufunzi alinigeukia, akaniambia niandike kanuni tatu za matumizi ya neno lile, maana limeanza kutuponyoka. Usimwambie mtu usoni. Usimseme nalo mtu asiyekuwepo. Usilitamke ukiwa na hasira.

Nikamuuliza sasa linatumika lini.

"Ukiwa unajifikiria mwenyewe," alisema.

Nilizinakili kanuni hizo kwenye karatasi safi, nikazibandika ukutani nyuma ya kiti cha mwenyekiti. Wakati huo sikujua kwamba mtu aliyenitajia alikuwa amezivunja, na kwa mtu gani.

Watu wa kwetu wa zamani walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo mmoja, mababu, baba na watoto wao, walikula pamoja kwa babu, kila mke akileta chungu chake, na hapo mbele ya chakula mambo ya ukoo yalisemwa na kunyooshwa. Lililosemwa kwenye sengu halikutoka nje, na mtu aliyeaibishwa mbele ya sengu alisafishwa mbele ya sengu hiyohiyo. Imekufa karibu kila mahali. Kila mtu anakula kwake na televisheni yake. Mkufunzi aliifufua nyumbani kwake, Jumapili baada ya misa, kwa ndugu zake na watoto wao. Mara tatu au nne nilialikwa. Baba na mwana walitakiwa kula sahani moja, na nimewaona watu wazima waliokuwa wamefikishana barazani wakimegeana ugali pale kwa aibu, kisha bila aibu. Yeye mwenyewe alikula peke yake. Nilidhani ni heshima ya mwenye nyumba, mpaka mkewe, aliyekuja kuchukua vyombo, aliponiona natazama akasema polepole, "Wa kula naye yuko ziwani."

Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyeondoka akiwa na miaka kumi na minane, akateremka Mbamba Bay, akaenda mbele zaidi kwenye kijiji kimoja cha pwani, akaanza kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani. Hakurudi tena. Hakurudi hata alipooa. Mama yake alimfuata kila baada ya mavuno na mfuko wa maharage, akarudi na samaki. Baba hakuwahi kwenda, na samaki hao hakuwagusa. Kwa mtu aliyepatanisha nusu ya kata, jambo hilo lilikuwa wazi kama mlima, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Yanayofuata ndiyo ambayo hayamo kwenye madaftari yangu. Mwaka juzi macho ya Mkufunzi yalianza kufa kwa presha ya macho. Daktari alimwambia dawa zitachelewesha tu. Siku hiyo alikuja ofisini kwangu akiwa ameshika ukuta, akafunga mlango, akasema anataka kumwona mwanawe wakati bado kuna kuona. Akaniomba niende. Nilimuuliza nipeleke ujumbe gani. Akasema nimwambie baba yake anamwita sengu, basi.

Nilipanda gari la asubuhi, nikachukua bodaboda mpaka kijijini kwake. Nilimkuta mtu wa miaka thelathini na mitano, mwenye mabega ya baba yake, akigeuza usipa juu ya vichanja. Aliniamkia Shikamoo kaka, akanipa kigoda, akaendelea kugeuza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini aliondoka. Nikasema sijui. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyelipanga jambo hilo kwa muda mrefu akingoja wa kumweleza.

Chuoni, Mkufunzi alipofundisha fundo la mzazi, alikuwa na mfano mmoja aliorudia kila mwaka. Mwanawe, alisema, akiwa na miaka minne, baba amerudi safari, alisimama kwenye mlango wa chumba na mwiko mkononi, akampiga baba gotini akamwambia: huyu ni mke wangu, nenda kwenu. Wanafunzi walicheka sana. Baba naye aliwaambia kwamba siku ile alicheka. Mwaka mmoja wanafunzi hao walipelekwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule ambayo mtoto mwenyewe alikuwa anasoma darasa la saba. Walimtambua kwa jina la baba yake. Mmoja aliusimulia mfano ule chumba cha walimu, dirisha likiwa wazi. Kufikia mapumziko ya saa nne shule nzima ilikuwa inamwita Mume Mdogo. Alikuwa na miaka kumi na minne.

"Nilikwenda nyumbani nikamwambia baba wananiita hivyo," alisema. "Unajua alinijibu nini? Alinieleza. Alikaa akanieleza fundo ni nini. Akasema hasira niliyonayo ndiyo lenyewe."

Alisimama, akaondoa inzi kwenye kichanja.

"Na hayo ya mwiko, kaka, mimi siyakumbuki. Inawezekana niliyafanya. Ninachokumbuka mimi ni mlango. Mvua inanyesha, niko nje, nagonga kwa mwiko, na mlango haufunguliwi. Hicho kipande hakuwaambia wanafunzi wake. Nenda kamwambie aseme kwenye sengu, mbele ya baba wadogo wote, jinsi ilivyoisha. Akishasema, nitakuja siku hiyohiyo."

Niliyarudia maneno hayo njiani ili nisiyapunguze. Nilipofika nilimtamkia Mkufunzi yote, neno kwa neno. Aliniuliza swali moja tu.

"Alisema mlango?"

"Alisema mlango."

Mkufunzi akaanza kunieleza kwamba kumbukumbu za miaka minne haziaminiki, kwamba mtoto huweza kujitungia adhabu kwa sababu ya hatia anayoihisi, kwamba kitabu kinasema hivyo. Alieleza vizuri kama kawaida yake. Nilitaka kumwambia kwamba kanuni tatu ziko ukutani kwa mwandiko wangu. Sikumwambia. Alikuwa mzee, na alikuwa mwalimu wangu.

Jumapili zikapita. Ndugu zake walijua sharti, kwa sababu mkewe alikuwa amewaambia, na mmoja wao alimsihi aseme tu chochote, sengu imalizike, kijana aje. Mkufunzi alimjibu kwamba hasemi chochote, anasema kweli. Sahani yake iliendelea kuwa ya mtu mmoja. Ndugu walianza kuwahi kuondoka. Barazani pia alibadilika. Shauri la baba na mwana likija, aliniachia mimi nimalizie.

Mwezi uliopita aliniita nyumbani. Nilimkuta sebuleni, amegeuzia uso dirishani ingawa haoni tena dirisha lenyewe, anaona mwanga tu. Nilimpa Shikamoo, akaitikia kwa jina la cheo changu. Mkewe aliniletea chai, akatoka, akauacha mlango wazi kidogo. Mkufunzi alitaka nimwandikie barua. Nilitoa karatasi na kalamu.

Salamu zilitoka bila shida. Mwanangu mpendwa, salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako, sisi ni wazima isipokuwa macho. Halafu akasema: "Kuhusu jambo lile, ni vema uelewe kwanza kwamba katika hatua fulani ya ukuaji." Niliweka kalamu chini. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba mwanawe hakuomba kuelezwa. Alikubali. Akaniambia nifute, tuanze upya baada ya salamu. Mara ya pili alifika kwenye "wataalamu wanasema." Nilifuta. Mara ya tatu alifungua mdomo akaufunga. Chai yangu ikapoa.

"Niliwaambia wanafunzi kwamba nilicheka," alisema. "Sikucheka, Katibu. Nilikuwa nimetoka mbali, nimechoka, na mama yake alikuwa amecheka. Yeye ndiye aliyecheka. Nikamshika mtoto mkono nikamtoa, nikafunga kwa komeo. Ilikuwa inanyesha. Alikuwa na miaka minne na nilimwonea wivu. Nilimsikia anagonga. Nilijua jina la kitu kile, nililisoma kwenye kitabu kile kile, na bado sikufungua."

Nilichukua kalamu.

"Hilo usiliandike," alisema.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema jambo kama hilo halipelekwi kwa karatasi na mtu mwingine, ni la kusema mdomo kwa mdomo. Akija atamwambia. Nikamkumbusha kwamba mwanawe atakuja akishaambiwa. Akasema anajua. Nikamwambia basi Jumapili, kwenye sengu, ayaseme haya haya aliyonieleza mimi, nami nitateremka ziwani siku ileile. Alitikisa kichwa. Mbele ya wadogo zake, alisema, mdomo utaanza kufundisha. Amejaribu peke yake, hapa chumbani, na kila akianza anajisikia anafundisha.

Nimeshughulikia mashauri mengi. Kwa kawaida kuna kitu cha kufanya: unaahirisha, unaita shahidi, unakwenda kuangalia mpaka. Pale hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimeshika maneno ambayo yangemleta mwanawe nyumbani, na mwenye maneno alikuwa amenizuia. Nilimuaga. Aliniomba radhi kwa kunipotezea mchana.

Mkewe alikuwa ananisubiri kwenye vichanja vya kahawa, ng'ambo ya uwanja. Alijifanya anachambua.

"Ameandika?" aliniuliza.

Nilimwambia ameanza.

"Amefika wapi?"

"Kwenye salamu, mama."

Hakuonyesha mshangao. Alitoa punje mbovu mbili tatu, akazitupa. "Siku ile na mimi nilikuwa ndani," alisema. "Nilimsikia. Sikufungua." Niligundua kwamba alikuwa amesikia yote kupitia mlango aliouacha wazi, na kwamba kwake hayakuwa mapya.

Nilimweleza kuwa karatasi niliyonayo haina kitu, ni mistari miwili na maneno yaliyofutwa, tena haina sahihi.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "hajawahi hata kumsalimu. Wewe peleka salamu hizo hizo."